Chozi, dume mwenye wivu wa maua

Ndege anayegonga kioo cha pembeni cha gari asubuhi nzima hana wazimu. Ni dume la chozi, na mle kiooni kaona dume mwenzake kaja kumwibia maua. Kifunike kioo kwa mfuko, ataondoka.

Chozi wako wa aina nyingi. Katika bustani za Afrika Mashariki, anayeonekana upesi ni yule wa kifua chekundu, mwenye urefu wa sentimita 15 hivi: mwili wa kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, kifua chekundu cha kung'aa, paji na koo vya kijani. Kijani hicho ndicho kinachowavuruga watu. Juani kinawaka, akigeuza kichwa kidogo tu, kinazimika na koo linabaki jeusi. Unyoya wenyewe hauna rangi ya kijani. Ndani ya nyuzi zake mna tabaka nyembamba mno zenye melanini, na mwanga unaorudishwa na tabaka hizo huonekana kijani kwa pembe fulani tu. Kwa hiyo tazama mdomo kwanza: mrefu, mwembamba, umepinda kuelekea chini. Mdomo huo hata jike anao, ingawa yeye ni wa kahawia, na tumbo lake la manjano iliyofifia lina mabaka. Wengi humdhani ni ndege mwingine kabisa.

Kwa ulimi wenye umbo la mrija hunyonya mbochi, mara nyingi akiwa ametua. Ua likiwa na koo refu kuliko mdomo wake, hulitoboa kwenye kitako na kunyonya bila kugusa chavua. Wizi mtupu! Makinda, hata hivyo, hawakui kwa sukari; huletewa wadudu na buibui. Utando wa buibui nao jike huutumia kufungia kiota, kifuko kinachoning'inia chenye mlango ubavuni.

Tukirudi kwenye ugomvi: mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti wao wa Kenya kuhusu chozi mwenye mabawa ya dhahabu. Kufukuza wavamizi humla nguvu takribani mara tatu ya kutafuta chakula. Faida ni kwamba ua lililolindwa hujaa mbochi, naye hushiba haraka na kupumzika zaidi. Maua yakiwa na mbochi tele kila mahali, ulinzi haumlipi, na wageni huachwa wanywe.