Huna shamba? Anza na gunia moja

Mgao unakuletea unga, maharage, mafuta na chumvi. Mboga za majani hazimo. Mwaka 2020 mgao wa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukapunguzwa tena. Ndugu zetu waliojiandikisha Kampala kwa kawaida hawapati mgao kabisa. Kila fungu la mboga wanalinunua sokoni.

Mtoto anayekula ugali na chumvi anashiba, lakini hakui vizuri. Majani ya kijani yanampa vitamini A ya kulinda macho na kumkinga na maradhi. Pia yana madini ya chuma, yanayosaidia kuzuia upungufu wa damu kwa watoto na kwa mama mjamzito. Ndiyo maana katika toleo hili, badala ya dawa, tunazungumzia gunia.

Kampala walianzaje?

Katika miaka ya 1970 na 1980 uchumi wa Uganda ulianguka na mshahara haukutosha chakula. Watu wa Kampala wakalima mihogo, mahindi na mboga palepale mjini, ingawa haikuruhusiwa. Mwaka 2006 jiji lilitoa sheria ndogo ya kusimamia kilimo cha mjini. Baadaye mamlaka ya jiji, KCCA, ilianzisha kituo cha mafunzo huko Kyanja, ambako watu hujifunza kuotesha mboga katika nafasi ndogo.

Leo ukipita katika mitaa ya Kampala utaona sukuma wiki kwenye magunia, mchicha kwenye tairi kuukuu na vitunguu vya majani kwenye beseni lililopasuka. Wengi wao ni wapangaji wa chumba kimoja. Kama wao wameweza mlangoni, nawe unaweza mbele ya nyumba yako kambini.

Tengeneza gunia lako

Unahitaji gunia moja kuukuu la kilo 50 au 100, mawe madogo, kopo kubwa lililotobolewa chini na juu, udongo na mbolea.

1. Chagua mahali penye jua angalau nusu ya siku, karibu na nyumba ili mbuzi na kuku wasikutangulie kuvuna.
2. Changanya mafungu mawili ya udongo na fungu moja la samadi iliyooza au mboji.
3. Simamisha kopo katikati ya gunia na ulijaze mawe. Jaza udongo kuzunguka kopo.
4. Vuta kopo juu taratibu, mawe yabaki. Lijaze tena, ongeza udongo, uendelee hivyo mpaka juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo itakayofikisha maji chini.
5. Mwagilia, acha siku mbili au tatu udongo ushuke.
6. Toboa matundu madogo ubavuni, yaachane kiasi cha shubiri moja. Panda miche ya sukuma kwenye matundu, na mchicha juu.

Anza na gunia moja. Wanaoanza wengi hupanda magunia matano, maji yanawashinda, na baada ya mwezi yote yamekauka. Gunia moja linalotunzwa litakufundisha namna ya kutunza la pili.

Mbolea usinunue

Maganda ya ndizi, viazi na mihogo, majani makavu na mabaki ya mboga yote ni mbolea. Chimba shimo dogo, weka mabaki kwa tabaka, nyunyiza majivu kidogo na udongo, lowesha na funika. Geuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi yatakuwa meusi na kunuka kama udongo wa msituni. Hapo yako tayari.

Usitie plastiki, betri wala mafuta machafu. Usitumie kinyesi cha binadamu, kwa kuwa mayai ya minyoo hukaa udongoni muda mrefu na hurudi kwa watoto wako kupitia mboga. Samadi ya mbuzi au kuku nayo ioze kwanza. Ikiwa mbichi huunguza miche.

Mbegu za bei nafuu

Kampala mbegu hununuliwa kwenye maduka ya pembejeo, mengi yakiwa Container Village karibu na Nakivubo. Pakiti moja ni nyingi kwa gunia moja, hivyo majirani watatu wachange na kugawana. Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kulipa.

Ukishaanza, huna haja ya kununua tena kila msimu:

- Mchicha, ambao wengine tunauita lengalenga na Kampala huitwa dodo: acha mche mmoja au miwili bila kuchuma mpaka uchanue na kukauka. Fikicha, pepeta, hifadhi pakavu.
- Nakati, mboga ipendwayo sana na Waganda: acha matunda yaive mpaka yawe mekundu, toa mbegu, osha na anika kivulini.
- Sukuma wiki: kata chipukizi la ubavuni, lipande kwenye udongo wenye unyevu.
- Matembele: kipande cha mche wa viazi vitamu kinatosha. Omba kwa jirani.

Mchicha unaweza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Nakati na sukuma huhitaji kama miezi miwili. Ukipanda pamoja, mchicha utakulisha wakati unasubiri mengine. Kampala mvua hunyesha zaidi kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Novemba. Andaa kitalu mwezi mmoja kabla.

Maji ni tatizo, tumia mara mbili

Maji uliyooshea mboga na wali yatumie kumwagilia. Maji ya suuza la mwisho la nguo, yasiyo na sabuni nyingi, pia yanafaa. Yamwage juu ya udongo, si juu ya majani. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni. Chomeka kidole: kama udongo bado una unyevu, ngoja. Tandaza nyasi kavu juu ya gunia, jua lisinyonye maji.

Usiache makopo yenye maji yaliyotuama. Mbu huzaliana humo, na bustani haitakiwi kutuletea malaria. Yamwage au yafunike.

Wadudu

Pita kila asubuhi ugeuze majani. Viwavi waokote kwa mkono. Vidukari wanyunyizie maji yenye sabuni kidogo au majivu, kisha osha mboga vizuri kabla ya kupika. Dawa kali za dukani hazifai mlangoni ambapo watoto wanacheza. Na kopo lililokuwa na dawa au rangi usipandie mboga kamwe.

Udongo utoke wapi?

Hapa Kampala inatupa onyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta madini ya risasi kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya barabara za jiji, ukashauri zilimwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka barabarani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Petroli yenye risasi imeachwa, lakini risasi haiozi, hubaki udongoni. Kuosha kunaondoa vumbi, hakuondoi kilichoingia ndani ya jani.

Mfereji wa Nakivubo nao hupeleka maji machafu ya jiji hadi Ziwa Victoria. Ukiwa mjini, usichote udongo wala maji ya bustani kwenye mifereji, gereji, jalala au kando ya barabara kuu. Faida ya gunia ni hiyo: udongo unauchagua wewe.

Kutoka gunia hadi sufuria

Chuma majani ya chini, kilele kiache kiendelee kukua. Osha kwa maji safi kabla ya kukata. Pika kwa maji kidogo na muda mfupi, na tia mafuta kidogo; bila mafuta mwili haupokei vitamini A vizuri. Kamulia limau kama lipo, na chai uinywe baadaye, kwa kuwa inazuia mwili kupokea madini ya chuma. Sombe ni tofauti: itwangwe na ichemshwe sana, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu. Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe mboga iliyopondwa laini, huku akiendelea kunyonya.

Gunia halitachukua nafasi ya mgao. Lakini wiki nne kutoka leo linaweza kuweka jani la kijani kwenye sahani ya mtoto wako bila wewe kwenda sokoni. Tafuta gunia leo. Haba na haba hujaza kibaba.