Sura ya Kuazima

Katika picha za Kihindi zilizokuwa zikiletwa katika miji ya pwani yetu miaka ya 1950 na 1960, alikuwako mchezaji mmoja ambaye akitokeza tu, hata kabla hajatia neno, watu huguna sinema nzima. Wazee wetu waliokuwa wakienda Majestic pale Unguja, na mama zetu waliohudhuria maonyesho ya wanawake peke yao, wengi wao hawakujua Kihindi. Lakini uso ule waliujua. Walipouona walijua kwamba sasa msichana ataonewa, maskini atadhulumiwa shamba lake, na yule ambaye vijana humwita stelingi atapata taabu kubwa kabla picha haijesha. Mchezaji huyo aliitwa Pran, naye ndiye adui.

Hatukushika kalamu ili kuwahimiza vijana kwenda sinema, wala hatutaki leo kuingia katika maneno ya lililo jema na lililo baya katika michezo hiyo. Mambo hayo yana mahali pake. Tumelichukua jambo hili kwa sababu ndani yake mna funzo kwa kila mwenye nyumba na kila mwenye mtoto, na mwenye akili huokota mazingatio popote ayaonapo.

Kwa nini mchezaji mwenye kipawa, awezaye kuwa mfalme leo na mwombaji kesho, afungwe katika sura moja maisha yake yote? Sababu ya kwanza ni fedha. Mwenye kutengeneza picha hutoa mali nyingi, na mwenye mali huchelea hasara. Akiona kwamba fulani alipokuwa mwovu watu walijaa, humwita tena awe mwovu. Sababu ya pili ni sisi watazamaji. Twapenda kustarehe tusijisumbue kufikiri. Twataka tumwone mtu tu tujue ni wa kupendwa au wa kuchukiwa. Basi mchezaji hufungwa na watu wawili: anayemlipa na anayemtazama.

*Pran na jina lake*

Pran alizaliwa Delhi mwaka 1920. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kupiga picha, kisha akaingia katika sinema mjini Lahore mwaka 1940. Bara Hindi ilipogawanywa mwaka 1947 alihamia Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai, na huko ndiko alikojulikana kwa uovu wa kuigiza. Katika picha ya Madhumati ya mwaka 1958 alikuwa tajiri dhalimu. Katika Ram Aur Shyam ya mwaka 1967 alimchapa shemeji yake kwa mjeledi, naye shemeji huyo ni Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan. Chuki ya watu ikazidi hata ikawa maarufu katika India kwamba wazazi waliacha kuwaita watoto wao Pran. Nalo jina lenyewe halina kosa: maana yake ni uhai, roho. Jina jema likatiwa doa na uovu ambao haukutendeka.

Waliofanya kazi naye walimsifu kwa adabu na upole. Lakini upole huo wangeujua wapi watu waliokuwa wakimwona gizani kwa saa tatu, wakarudi makwao na hasira?

Mwaka ule ule wa 1967 alitokea mtu mmoja aliyethubutu. Manoj Kumar, katika picha yake iitwayo Upkar, alimpa Pran kuwa kilema mwenye moyo safi, anayesema kweli na kuwatetea wenziwe. Watu waliokwenda wakitaraji kumguna walitoka wakifuta machozi. Kwa kazi hiyo Pran alipewa tuzo ya Filmfare. Mwaka 1973, katika Zanjeer, alikuwa Sher Khan, Mpathani mshika ahadi, rafiki wa kufa na kuzikana. Alipofariki dunia mwaka 2013, akiwa na miaka 93, watu walimlilia kama mzee wao. Uso ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja alimwamini akampa nafasi nyingine.

*Mlevi asiyekunywa*

Wa pili ni ndugu yetu Muislamu, Badruddin Jamaluddin Kazi, mzaliwa wa Indore. Alikuwa kondakta wa basi katika Bombay, akiwachekesha abiria. Siku moja mchezaji Balraj Sahni alimwona, akampeleka kwa Guru Dutt. Huko aliigiza ulevi, akapepesuka na kupayuka hata waliokuwapo wakadhani amelewa kweli. Guru Dutt alipendezwa naye, akampa nafasi katika picha ya Baazi ya mwaka 1951 na kumpa jina ambalo ni jina la pombe: Johnny Walker. Tangu siku hiyo, akihitajiwa mlevi wa kuchekesha, huitwa yeye.

Naye alikuwa mtu asiyeonja pombe. Hapana shaka jina kama hilo ni mzigo kwa Muislamu, na sisi tusingemchagulia mtoto wetu. Lakini na tumfanyie insafu: alibeba jina la chupa mpaka kufa kwake mwaka 2003, na chupa yenyewe hakuibeba. Vijana wangapi tunaowajua wana majina matukufu ya Mitume na Masahaba, na vinywa vyao vyanuka?

*Jicho la Lalita Pawar*

Kwa upande wa wanawake tumtaje Lalita Pawar. Alianza akiwa msichana mzuri, stelingi wa picha. Mwaka 1942, katika kuigiza, mchezaji mwenziwe alimpiga kofi kwa nguvu kupita kiasi. Uso wake ukapooza, akajitibu miaka, na alipopona jicho la kushoto lilibaki na kasoro. Akaondolewa katika nafasi za wasichana, na kile kilichokuwa msiba kikageuzwa alama ya ubaya: akawa mama mkwe mkatili, mwanamke wa fitina. Mara chache tu alipewa kuonyesha huruma, kama katika Anari ya mwaka 1959, ambamo alikuwa mama mwenye maneno makali na moyo laini. Kwa nafasi hiyo alipata tuzo. Tazameni, enyi wasomaji: mtu aliumizwa, kisha akachukiwa kwa sababu ya jeraha lake. Je, jambo hilo liko katika sinema tu?

Hata Misri yalikuwa hivyo. Mahmoud el-Meliguy aliigiza uovu miaka mingi. Kisha Youssef Chahine akampa nafasi ya Abu Suwaylim, mkulima mwenye kuitetea ardhi yake, katika picha ya Al-Ard iliyopelekwa Cannes mwaka 1970. Wale waliozoea kumchukia walimwona mwishoni akiburutwa chini, vidole vyake vikiing'ang'ania ardhi, na hawakumsahau tena.

*Na nyumbani kwetu?*

Mchezaji jioni hunawa rangi usoni akaenda zake. Mtoto wetu hananawi jina tulilompa. Katika nyumba nyingi nafasi zimekwisha gawanywa: huyu ndiye mwenye akili, huyu mvivu, huyu mwongo, yule mwizi. Na kila siku twawataka wacheze mchezo ule ule.

Katika mtaa tuliokaa zamani alikuwako mtoto wa miaka kama kumi aliyechukua shilingi katika mfuko wa baba yake. Alitiwa adabu, akalia, akaapa kutorudia, na kwa hakika hakurudia. Baada ya mwaka ilipotea pete ya shangazi yake. Hakuna aliyeuliza, macho yote yalimgeukia yeye, na sisi tunaoandika haya tulikuwamo miongoni mwa waliomtazama. Alipigwa siku mbili. Siku ya tatu pete ilionekana katika pipa la mchele, ilimotoka kidoleni mwa mwenyewe alipokuwa akipima. Watu walicheka, wakamshukuru Mungu, wakala wali. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mtoto yule, "Tuwie radhi, mwanetu." Miaka michache baadaye aliiba kweli, na mama yake alipomlaumu alijibu, "Mama, si ndiyo kazi mliyonipa?" Hatukuwa na la kusema, na mpaka leo hatunalo.

Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, ametukataza kudharauliana, kuitana kwa majina mabaya, kudhaniana vibaya na kupelelezana. Sisi twazisoma aya hizo kwa sauti nzuri, kisha twaketi kula na kumwita mtoto jina lililokatazwa.

Na tumwangalie Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, ni Khalid bin Walid aliyezunguka na wapanda farasi wa Makureshi akawavamia Waislamu kwa nyuma. Masahaba wengi waliuawa, na Mtume mwenyewe alijeruhiwa. Kama palikuwapo uso wa kuchukiwa milele, ni ule. Lakini alipokuja Madina kusilimu, mwaka wa 8, hakuambiwa, "Wewe ni yule wa Uhud." Alipokewa. Na mwaka huo huo katika vita vya Muta, walipokufa mashahidi Zaid, Jaafar na Abdallah bin Rawaha, ni Khalid aliyeishika bendera akaliokoa jeshi, na Mtume akampa jina la Upanga wa Mwenyezi Mungu. Hilo ndilo jina tumjualo nalo hata leo.

Basi, enyi baba na mama, tazameni usiku huu ni jina gani mmempa kila mtoto. Aliyeitwa mwongo, mpeni amana ndogo aifikishe. Aliyeitwa mvivu, mpeni kazi iliyo yake mwenyewe, na akiitimiza, msifuni mbele ya wale waliomcheka. Mkimdhania ubaya kisha ikadhihiri kuwa hana kosa, mwombeni radhi. Utu uzima haupungui kwa neno hilo.

Nanyi vijana, ikiwa mmekwisha kupewa jina baya, kumbukeni kondakta yule wa Bombay. Watu wanaweza kukuita watakavyo, lakini mkono unaoinua kikombe ni wako.

Mwenyezi Mungu atusamehe dhana zetu, na atujaalie kuwaona watoto wetu kama walivyo. Amin.