Je, nyumba yako inavuja bila wewe kujua?

Bomba likipasuka uani kila mtu huliona, na fundi huitwa siku hiyo hiyo. Leo tuzungumzie lile lisiloonekana, linalovuja ndani ya ukuta, chini ya sakafu ya bafu au ardhini kati ya mita na nyumba. Hilo laweza kuendelea mwaka mzima, huku baba akiwagombeza watoto kwa kuchezea maji kila bili inapokuja.

Wengi wetu tukisikia habari ya kuvuja tunafikiria fedha tu. Lakini upande wa afya ndio mzito zaidi. Maji yakiwemo bombani, msukumo wake huyatoa nje kupitia penye ufa. Yanapokatika, na katika miji yetu mingi maji ni ya mgao, msukumo ule huondoka na mara nyingine bomba hunyonya. Ufa ule ule uliokuwa ukitoa maji safi sasa unaingiza maji yaliyotuama ardhini kulizunguka bomba. Kama karibu yake pana karo la choo au mfereji wa maji machafu, basi maji yakirudi, watoto wako wanakunywa yale yaliyoingia usiku. Hiyo ni njia mojawapo ya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa ya kuhara kuingia katika nyumba ambayo mama anaosha kila chombo kwa sabuni. Kwa hiyo ukiona kila baada ya mgao maji yanakuja na tope au harufu, usiseme haraka kuwa ndivyo yalivyo maji ya mjini. Waulize jirani. Ikiwa kwao ni meupe na kwako machafu, tatizo liko kwako.

Kazi ya kuchunguza ianze kwenye mita. Chagua usiku ambao maji yanatoka, kwani siku ya mgao mita haitakuambia kitu. Baada ya swala ya isha jaza ndoo ya kutosha kwa ajili ya choo na udhu wa alfajiri, kisha funga bomba zote, pamoja na koki inayopeleka maji kwenye tangi la juu. Nenda kwenye mita ukaandike tarakimu zote, na zile nyekundu za mwisho pia. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo au mshale mwembamba. Ukiuona unazunguka na hali hakuna anayetumia maji, jawabu umekwisha kulipata. Usipouona, soma tena baada ya alfajiri, maana uvujaji mdogo huhitaji saa nyingi kuonekana. Uniti moja ya mita ni lita 1,000. Na kama kuna koki pale bomba linapoingia nyumbani, ifunge urudie. Mita ikiendelea kuzunguka, ufa uko ardhini kabla ya nyumba. Ikisimama, uko ndani, na fundi hana haja ya kuchimba ua wote.

Mita haijui yanayotokea baada ya tangi la juu. Hapo weka alama ya usawa wa maji usiku, funga yanayoingia, uangalie asubuhi. Yakiwa yameshuka bila kutumika, mshukiwa wa kwanza ni choo cha kuvuta. Tia rangi ya biriani kidogo katika tangi lake na usivute kwa nusu saa. Rangi ikitokea chini kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umechakaa, na bei ya mpira ni ndogo kuliko bili ya mwezi mmoja.

Usidharau tone. Kinga kikombe chini ya bomba linalodondosha. Kikijaa robo lita kwa dakika 10, hizo ni lita 36 kwa siku, na zaidi ya uniti nzima kwa mwezi. Tumefundishwa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haizidi robo tatu ya lita. Basi tone lile la siku moja linatosha udhu 48 kwa kipimo chake.

Kuhusu ukuta, alama zinajulikana: rangi inayovimba, lipu inayobanduka, ukungu mweusi, uvundo usiotoka hata ukifungua madirisha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo maalumu juu ya unyevunyevu na ukungu majumbani, na likaeleza uhusiano wake na pumu na kikohozi. Mtoto anayebanwa kifua katika chumba kimoja na kupata nafuu akilala kwa bibi yake, tazama ukuta wa chumba hicho. Lakini si kila ukuta wa chumvichumvi unavuja. Huku pwani unyevu hupanda kutoka ardhini, hasa masika. Ukuta unaolowa hata katikati ya kiangazi, tena ule unaopakana na bafu, ndio wa kutiliwa shaka. Acha kuoga bafu hilo siku mbili tatu uone kama unakauka. Nao wanaoishi ghorofani wakumbuke kwamba bafu lao ni dari ya mwenzao, na jirani anayebisha hodi kulalamika hajaja kutafuta ugomvi.

Limebaki tangi la chini ya ardhi, ambalo watu hulifunika wakalisahau. Nalo pia liwekee alama usiku usiokuwa na maji ya bomba. Yakishuka, lina ufa. Na yakipanda? Wapo wanaofurahi kwamba limejaa lenyewe! Maji hayo yametoka ardhini, na ardhini kuna karo lako na la jirani. Hapa tuelewane vizuri. Tuliosoma fiqhi ya Kishafii tunajua kuwa maji yaliyofikia kulateni, yaani kama lita 200 hivi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Tangi la nyumba kwa kawaida ni kubwa kuliko hapo, na mtu ataona maji ni meupe akatosheka. Hukumu hiyo ni ya twahara. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho wala havina harufu, na maji yanayofaa kwa udhu yaweza kumlaza mtu hospitali akiyanywa.

Tangi likiwa hivyo, acha kulitumia kwa kunywa na kupikia tangu siku hiyo. Litolewe maji yote, lisuguliwe, fundi azibe ufa kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji, kisha litiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mpaka kazi hiyo ikamilike, maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Na kabla hujamlipa fundi, rudia jaribio la alama usiku mmoja.