Sauti ya Kinu cha Kusagia Mawe ya Dhahabu

Katika machimbo madogo ya dhahabu wilayani Misungwi, kama yale ya Ishokelahela, mawe husagwa ndani ya karasha. Hili ni pipa la chuma lizungukalo kwa nguvu ya mota, nalo hutiwa gololi za chuma ambazo hupanda pamoja na ukuta wake, kisha huporomoka na kuyaponda mawe. Mwendeshaji haoni yaliyomo ndani. Yeye husikiliza.

Wala hakosei. Mawe yakiwa machache, gololi hugonga chuma kwa chuma, na pipa hutetema kwa ukali. Yakizidi kiasi, hupokea mapigo kama godoro, na mlio hufifia. Hapo ndipo riziki ya mchimbaji inapopotea: chembe zisizosagika sawasawa hubaki na dhahabu ndani yake, nazo huingia katika marudio, yaani mabaki ambayo mara nyingi huwa mali ya mwenye karasha.

Pengine msomaji atauliza kwa nini tusipime umeme unaotumiwa na mota. Kipimo hicho hudanganya. Kinu kikiendelea kujazwa, umeme unaohitajika huongezeka hadi kikomo fulani, kisha hupungua. Hivyo kipimo kilekile chaweza kumaanisha kinu chenye nafasi au kinu kilichoshindiliwa. Mtetemo huondoa utata huo, kwa kuwa hupungua kadiri kinu kinavyojaa.

Katika vinu vikubwa, kazi ya sikio husaidiwa na chombo chenye fuwele ndogo ambayo ikibanwa hutoa umeme kidogo. Hufungwa kwenye ukuta wa kinu au juu ya beringi. Ishara yake ni mchanganyiko wa mitetemo mingi, lakini hisabati ya Mfaransa Joseph Fourier, aliyoichapisha mwaka 1822, huichambua na kuonyesha kila mtetemo peke yake. Tuseme gia yenye meno 120 inazunguka mara 27 kwa dakika: meno yatakutana mara 54 kwa sekunde. Jino moja likivunjika, kishindo kitasikika kila baada ya sekunde 2.2 hivi, na fundi atajua mahali pa kutazama.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa kopo la bati na gololi za kuchezea. Wanafunzi wafumbe macho. Yeye alivingirishe kopo, akiongeza mchanga kijiko kimoja kimoja, nao waseme mlio umebadilika katika kijiko cha ngapi.