Aspirini ya moyo: nani aendelee kuinywa, nani asiianze

Katika maduka ya dawa ya Wote, Makindu, Mwingi na mji wa Kitui hupatikana kidonge kidogo cha aspirini cha miligramu 75. Wapo wanaokinunua kwa sababu daktari aliwaandikia baada ya mshtuko wa moyo. Wapo pia wanaokinywa kwa sababu jirani anakinywa na anaonekana mzima. Makundi haya mawili yanatumia dawa moja, lakini faida na hatari zao hazifanani.

Mtu akijikata kwa panga shambani, chembe ndogo sana zilizo ndani ya damu hukimbilia jeraha, zikashikamana na kuliziba. Bila chembe hizo, damu ingeendelea kutoka. Tatizo huja pale mafuta yaliyojijenga katika ukuta wa mshipa unaolisha moyo yanapopasuka. Chembe zile huona kama kuna jeraha, hushikamana hapo, na bonge la damu linaziba njia. Sehemu ya moyo isiyopata damu huanza kufa. Hali kama hiyo ikitokea katika ubongo, huitwa kiharusi. Aspirini huzuia chembe hizo kushikamana kwa urahisi. Chembe iliyoguswa na dawa hubaki hivyo maisha yake yote, yaani siku 7 hadi 10, ndiyo maana dozi ndogo mara moja kwa siku hutosha. Ndiyo maana pia daktari wa meno huuliza kama unakunywa aspirini kabla ya kung'oa jino.

Mmoja wa watafiti waliochangia sana ujuzi huu ni Profesa Salim Yusuf, daktari wa moyo aliyezaliwa Kerala, India, akasoma Oxford na baadaye kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Alikuwa miongoni mwa waliobuni tafiti za ISIS. Ule wa pili, uliochapishwa mwaka wa 1988, ulihusisha wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata mshtuko wa moyo. Katika wiki tano, kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, karibu 12 walifariki kutokana na maradhi ya moyo na mishipa. Kwa waliopewa aspirini, walikuwa kama 9. Kwa dawa ya bei nafuu kama hii, hiyo ni tofauti kubwa.

Mwaka wa 2001, Yusuf aliongoza utafiti uitwao CURE, wa wagonjwa 12,562, uliopima faida ya kuongeza klopidogreli juu ya aspirini. Waliofariki kwa maradhi hayo, au kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, walipungua kutoka asilimia 11.4 hadi 9.3. Lakini waliovuja damu vibaya waliongezeka kutoka asilimia 2.7 hadi 3.7. Kwa hivyo daktari akikuandikia dawa hizo mbili, muulize utazinywa kwa muda gani.

Watafiti hupimwa kwa idadi ya mara wanazonukuliwa na wenzao, na kwa kipimo hicho Yusuf yuko kati ya wa kwanza duniani. Hata hivyo, ni kundi lake lenyewe lililoonyesha, mwaka wa 2011, kwamba kunukuliwa si sawa na kumfikia mgonjwa. Katika nchi tajiri, watu 62 kati ya 100 waliowahi kuugua moyo au kiharusi walikuwa wakitumia dawa za aina ya aspirini. Katika nchi maskini hawakufika hata 9, na vijijini hali ilikuwa mbaya kuliko mijini. Kenya haikuwa katika utafiti huo, lakini anayesafiri kwa bodaboda kutoka ndani ya Mutomo au Kathonzweni kufuata dawa ya mwezi hahitaji kuelezwa sababu. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Akiishiwa, arudi kituoni mapema.

Kwa asiye na historia ya ugonjwa huo, hadithi ni nyingine. Utafiti wa ASPREE wa mwaka wa 2018, uliofuatilia wazee 19,114 wenye afya huko Australia na Marekani, haukupata kwamba aspirini ya kila siku iliwapunguzia maradhi ya moyo kwa kiasi cha kutegemewa. Kuvuja damu kuliongezeka. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye vidonda vya tumbo, na kwa anayemeza diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo baada ya kulima.

Kinachomsaidia mtu huyu ni kupima presha na sukari, kuacha sigara, kutembea, na kula matunda na mboga. (Makueni, embe si kitu cha kutafutwa mbali.) Wahudumu wa afya ya jamii hupima presha nyumbani.

Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukilegea au maneno yakigongana, asipewe aspirini nyumbani. Kiharusi kinaweza kuwa cha mshipa ulioziba au uliopasuka, na kwa uliopasuka aspirini huongeza uvujaji. Kwa macho havitofautishiki. Ni picha ya ubongo inayoonyesha. Apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waambiwe dalili zilianza saa ngapi.