Silabi Zinavyokatwa Eastlands (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwamba silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Leo tuingie mitaani, kwa sababu ushahidi mzuri wa kanuni hiyo uko midomoni mwa vijana wa Jericho, Kaloleni na Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi.

Chukua neno risto. Kila anayekijua Kisheng, lugha ya vijana hao, anajua kwamba ni stori iliyopinduliwa: ri imetangulia, sto ikafuata. Tazama kisu kilipopita. Hakuna aliyekata kati ya s na t, wala aliyeiacha r ikining'inia nyuma. Mkazo nao haukuhama na silabi yake: katika stori uko kwenye sto, katika risto uko kwenye ri. Kwa kawaida silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo hubeba mkazo, na aliyelipindua neno aliitii kanuni hiyo bila kufundishwa.

Mchezo huu si mgeni. Katika karne ya 19 Edward Steere, askofu wa Zanzibar, aliweka katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mifano ya Kinyume, usemi wa mafumbo ambao silabi ya mwisho hupelekwa mbele. Kwa kanuni hiyo, kitabu huwa bukita na nyumba huwa mbanyu. Hiyo mbanyu inafaa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha habari, kwa sababu bado naona magazeti yakivunja neno mwishoni mwa mstari na kuandika nyum-ba. Mgawanyo sahihi ni nyu-mba. M huwa silabi peke yake katika m-tu na m-bu, ambako hata mkazo huubeba. Katika nyumba imeshikamana na b.

Kuhusu silabi kuishia kwa irabu, Kijerumani kina desturi nyingine. Kivumishi widerstandsfähig, yaani chenye uwezo wa kustahimili, hutamkwa wi-der-stands-fä-hig. Katika stands konsonanti tano zimezunguka irabu moja! Sisi tulipokopa Schule tukapata shule, shu-le, bila taabu, kwa kuwa neno lenyewe lilikuja na irabu mwishoni.

Neno refu la Kiswahili hujengwa kwa viambishi, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa mpaka wa kiambishi si lazima uwe mpaka wa silabi. Kisheng kimechukua dish ya Kiingereza, kikapata kudishi, kula. Ukitaka kusema wamekula chakula chako, utasema wamenidishia. Mzizi ni dish, unaoishia kwa konsonanti, lakini tamka polepole: wa-me-ni-di-shi-a. Ile sh imeuacha mzizi wake ikaifuata irabu ya kiambishi cha kutendea. Ndivyo ilivyo pia kwa pik-ia, tunayoitamka pi-ki-a. Mwanafunzi anayeulizwa silabi akajibu kwa viambishi amejibu swali lingine, na sisi walimu tunapaswa kumwonyesha tofauti hiyo mapema, kwa mifano anayoitumia mwenyewe.

Majina ya mitaa nayo hukatwa, lakini kwa njia mbalimbali. Umoja huwa Umo, Buruburu huwa Buru: mkia umedondoshwa. Kaloleni imekuwa Ololo, na hapo mkia haukutosha. Ka ya mwanzo imeondoka na lo ikarudiwa. Juma lijalo tutaanza na Ololo.