Tukichimba mafuta baharini, nauli itashuka?

Kila tarehe 14 ya mwezi unajua mchezo. EPRA inatangaza bei mpya ya mafuta, na kesho yake makanga anakwambia, "Ni mia, si themanini." Ukilalamika, hakosi msee mmoja kwa matatu wa kusema, "Si tuchimbe yetu? Bahari yote ile!"

Wazo tamu, lakini tulia kidogo.

Kwanza, kuchimba si kupata. Kisima cha Mlima-1, kilichoanza kuchimbwa mwishoni mwa 2021 katika bahari upande wa Lamu, hakikutoa mafuta ya kuuzika. Yale ya Turkana yaligunduliwa 2012, na shehena ya kwanza, mapipa kama 200,000, ikaondoka Mombasa Agosti 2019. Miaka saba! Uliona petroli ikishuka?

Pili, mafuta ghafi hayaingii kwa tangi ya boda. Lazima yasafishwe, na kiwanda chetu cha Changamwe kiliacha kazi hiyo 2013. Kwa hivyo ghafi yetu itabidi iuzwe nje, halafu tununue petroli kutoka Ghuba kwa dola. Bei ya pipa inapangwa na soko la dunia. Mwenye kisima hatakuuzia rahisi ati kwa sababu kisima kiko kwenu.

Waulize Wanigeria. Wana visima vikubwa baharini, lakini kwa miaka mingi waliagiza petroli kutoka nje. Ruzuku ilipoondolewa Mei 2023, bei ikaruka zaidi ya mara mbili. Norway nayo ina mafuta tele ya baharini, na bado petroli yake ni kati ya zile ghali zaidi Ulaya, sababu ikiwa ushuru.

Na hapo kwa ushuru ndipo penyewe. Kila lita unayonunua hapa Kenya ina VAT, ambayo katikati ya 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Ada ya kukarabati barabara nayo ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 mwaka wa 2024. Hizo pesa haziko chini ya bahari. Zinaamuliwa Nairobi.

Sisemi tusichimbe. Mafuta yakipatikana, serikali itapata pesa, na zisipoliwa zitatufaa. Lakini mwanasiasa akikuahidi petroli ya bei rahisi kutoka baharini, muulize maswali matatu: yatasafishwa wapi, bei itapangwa na nani, na ushuru utapunguza lini?

Akikosa jibu, jua hiyo ni stori tu. Nauli bado ni mia.